Kilango cha Sauti Ndogo

Pak Wasito wa Kedungsari, huko Java ambako Pak ni bwana na Bu ni mama, alikuwa na maboksi mawili ya redio, na maboksi yenyewe hayakupatana hata siku moja. Yalikaa mezani sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo vya wageni. Maneno hayo si yangu, ni ya mkewe, Bu Tumini, na aliyasema kila alipopita na fagio.

Boksi la zamani lilitengenezwa ndani ya kopo kubwa la biskuti. Kazi yake ilikuwa kupokea sauti kutoka mnara wa juu, kule mlimani. Boksi jipya lilikuwa jeusi, dogo, limenunuliwa na chama chao cha redio za upepo, zile za kubonyeza kitufe na kuongea, ili kuwaunganisha na wenzao wa mjini kwa njia ya intaneti. Sauti ikiingia boksi moja inatokea la pili, na watu wa juu na wa chini wanaongea kana kwamba wamekaa baraza moja. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini boksi jipya lilikuwa na makelele, na la zamani lilikuwa na haya. Bu Endang, muuza vitambaa wa mjini, akikohoa tu hewani, kuku wa kijiji cha juu cha Watuputih wanatawanyika. Mtu wa Watuputih naye akifungua kinywa, mjini wanasikia mbu.

Mkate wake Wasito aliupata kwa kutengeneza majiko ya umeme ya kupikia wali na spika za harusi. Lakini kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa kuyapatanisha yale maboksi. Alikuwa na bisibisi nyembamba, kipimo chenye mshale, na sikio ambalo Mungu alimjalia. Huyu anampunguza, yule anamwongeza, mpaka mshale unasimama palepale, awe anaongea nani. Tena palikuwa na skrubu moja aliyoiita kilango. Ukiikaza, sauti iliyo chini ya kiasi fulani haipiti. Kilango ndicho kilichozuia ule mvumo wa hewa tupu usiwachoshe watu kutwa nzima. Ubaya wake, ukikikaza mno kinawafungia nje na watu wapole.

Na katika watu wapole wa hewani, hakuna aliyemfikia Mbah Darmo, Mbah yaani babu au bibi kwa heshima. Mzee huyu alikaa Watuputih, nyumba ya mwisho kabisa, juu ya ukingo wa mto Wuluh. Mvua ikipiga kileleni, majivu ya mlima hugeuka tope, tope linazoa mawe na magogo, na linateremka mtoni bila kumwomba mtu ruhusa. Huku chini jua linaweza kuwa linawaka na watu wanachimba mchanga wao mtoni, hawana habari. Mmoja wa wachimbaji hao alikuwa Pras, mtoto wa pekee wa Wasito na Tumini. Baina ya Pras na lile tope hapakuwa na kitu kingine ila macho ya Mbah Darmo na maiki yake.

Sasa sikia tabia ya mzee. Hakuwahi kuongea hewani bila kupiga hodi. Wajava wana neno lao, lakini mimi nitasema hodi, maana ni hodi ileile, na jibu lake ni karibu ileile. Alibonyeza kitufe, akasema “Hodi,” akaachia, akangoja. Asipoitikiwa alingoja tena kidogo, akarudia. Mpaka mtu aseme “Karibu, Mbah,” ndipo aseme lililomleta. Maiki aliishika mbali na mdomo, kwa sababu kumwongelea mtu karibu na sikio ni utovu wa adabu, hata kama sikio lenyewe liko bondeni.

“Mbah, nyumba ikiungua napo utapiga hodi?” Bu Endang alimtania siku moja, hewani, watu wote wanasikia.

“Nitapiga, binti yangu,” mzee alimjibu. “Ila nitapiga haraka haraka.”

Watu walicheka siku hiyo mpaka mshale wa Wasito ukagonga mwisho.

Kwa ajili ya mzee huyo mmoja, Wasito alilifungulia boksi la zamani sauti mpaka karibu na mwisho, na kilango akakilegeza. Alizoea kusikia nyuma ya maneno ya mzee vitu vya nyumba ile: mvua ikipiga bati, na mlango ambao chini yake ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukifungwa unakwaruza sakafu, kisha mzee anauinua kidogo ndipo ukae. Krrr, tup. Wasito hakuhitaji kufika Watuputih kujua kama mzee yuko ndani au nje. Masikio yalimwambia.

Kiangazi kilichopita Mbah Darmo akafa kwa kifua. Alizikwa vizuri, khitma ikasomwa, wali ukaliwa. Mjane wake, Mbah Sumirah, alichukuliwa na binti yake Lastri kwenda kukaa ng'ambo ya pili ya bonde. Redio ya mzee ilifungwa kwenye kitambaa ikaondoka na mjane. Chama kilitafuta mtu wa kuishi juu kule, hakikumpata, basi wakafunga kamera kwenye nguzo. Kamera nzuri sana siku za jua. Ukungu ukishuka ilionyesha ukungu.

Mvua za mwanzo zilipokuja, adhuhuri moja, Bu Endang alikuwa hewani akiwaeleza watu bei ya dengu na jinsi kinyozi alivyomharibia mumewe. Akavuta pumzi. Katika lile pengo la pumzi, kutoka boksi la zamani, sauti ya chini ikasema:

“Hodi.”

Wasito alikuwa ameshika kikombe cha chai. Hakukimwaga, ila hakukinywa tena. Bu Endang akapiga ukelele wa “Mama yangu we!” ambao wilaya nzima iliusikia.

“Nani huyo?” Pak Hartoyo, mwenyekiti wa chama, aliingia kwa ukali. Alikuwa karani mstaafu na alipenda mambo yenye maelezo. “Jitambulishe, aliyepiga hodi. Huo ni mchezo mbaya, kijana. Pokea.”

Hakuna aliyepokea. Siku iliyofuata mvua ilinyesha mlimani, na hodi ikaja. Siku ya jua haikuja. Mvua tena, hodi tena. Moja tu, basi, kisha ukimya wa mtu anayengoja na kidole bado kiko kwenye kitufe, maana nyuma yake mvua ilisikika. Pak Hartoyo akamtuma mtu nyumbani kwa Lastri kwa kisingizio cha kupeleka sukari. Mtu akarudi na habari kwamba redio iko juu ya kabati, kwenye kitambaa chake, haina hata betri.

“Hukumwambia mama wa watu?” Hartoyo akamuuliza.

“Nimwambie nini? Kwamba mume wake anapiga hodi? Mimi sina roho hiyo, mzee.”

Wasito alijua jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa ameisikiliza ile mvua nyuma ya sauti, akavaa hadi visikilizio vyake vya masikioni vya zamani ili asikie vizuri. Haikuwa mvua ya kwenye bati. Ilikuwa ikipiga majani ya mgomba na udongo na nguo ya mtu. Yeyote aliyepiga hodi ile alikuwa amesimama nje.

Jamani, baridi iliyomshuka mgongoni Wasito, asikwambie mtu. Mtu aliyekula naye, aliyeunga naye waya za lile boksi kwa mikono yake, na leo akisikia sauti yake anataka kujificha chini ya meza! Alijionea haya, na haya hazikumpunguzia woga hata chembe.

Chama kikakutana sebuleni kwake. Walikaa kwenye mkeka, wakaletewa chai na tempe ya kukaanga, ile ya soya iliyochachushwa, na hakuna aliyekula ila Hartoyo.

“Mnajua desturi,” alisema mama mmoja wa makamo. “Binadamu hodi zake ni tatu. Kinachopiga moja kikanyamaza, hicho si mgeni. Ukikiitikia umekipa njia, na hakiondoki mikono mitupu. Kinachukua mtu wa nyumba iliyoitikia.”

“Hayo ni maneno ya jikoni,” Hartoyo akasema, huku akitazama boksi la zamani kwa jicho la pembeni.

“Basi itikia wewe, mwenyekiti.”

“Nina shinikizo la damu mimi.”

Wakacheka kidogo, cheko la watu wanaotamani kwenda nyumbani. Kisha Hartoyo akamgeukia Wasito, akakohoa. “Pak Wasito, mambo ya viwango vya sauti ni yako. Huwezi kulipunguza hilo boksi? Na ile skrubu yako... kilango. Ukaze. Sauti ndogo zisipite. Wafanyabiashara wanazima redio zao, na wachimbaji nao wanaanza kuzima. Redio zikizimwa mtoni, siku ya tope tutamwita nani?”

Hapo alisema kweli, na Wasito alilijua. Lakini alisita.

“Nikikaza, hata mtu aliye hai wa juu akiongea kwa upole hatasikika.”

“Mtu gani wa juu? Juu hakuna mtu.”

Bu Tumini, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko, ndiye aliyemaliza maneno. “Baba Pras, kaza. Mimi nina mtoto mmoja tu, anashinda kwenye ule mto. Sitaki mgeni asiye na miguu katika nyumba yangu. Tena niapie mbele ya watu hawa. Likiita, usiitikie.”

“Mama Pras...”

“Niapie!”

Akaapa. Akachukua bisibisi mbele yao, akapunguza sauti ya boksi la zamani, akakaza kilango nusu mzunguko. Mvumo ukakatika na nyumba ikawa kimya. Wageni wakashukuru, wakaaga, wakamaliza tempe mlangoni wakiwa wamesimama. Wasito alibaki mezani na bisibisi mkononi. Alijisikia mtu aliyemfungia jirani mlango usoni, na jirani mwenyewe amelowa.

Mvua zikaendelea, hodi haikusikika tena, watu wakarudi hewani na utani wao. Pras alimcheka baba yake. “Kumbe mizimu nayo ina kitufe cha sauti, baba? Nipunguzie basi na mama.” Tumini akamtupia kitambaa cha jikoni.

Wasito alicheka naye. Lakini siku za mvua aliufunika ule mshale wa kipimo kwa kikombe.

Ikaja siku ya ukungu. Huku Kedungsari kulikuwa kukavu, hewa nzito, nguo haziyumbi kambani. Mlima haukuonekana kabisa. Kamera ilionyesha weupe mtupu, na Hartoyo akatangaza hewani kwamba taarifa za mvua ya kileleni hazipo, “kwa hiyo tuchukulie hali ni shwari.” Pras alikuwa ameondoka na lori tangu alfajiri. Wasito alikuwa akikaza nati za jiko la wali la jirani, na Bu Endang alikuwa hewani, dengu zimepanda tena.

Wasito alinyoosha mkono achukue chai. Kikombe kilichobaki kimefunika kipimo tangu mvua ya mwisho ndicho alichokichukua, kwa kukosea. Akakitazama, kitupu. Akaangalia pale kilipokuwa.

Mshale wa boksi la zamani ulikuwa ukicheza.

Hakuna sauti iliyotoka. Kilango kilikuwa kimefunga barabara. Lakini mshale uliinuka kidogo, ukashuka, ukainuka kidogo zaidi, ukashuka. Vipande viwili. Ho. Di. Miaka yote Wasito alikuwa ameutazama mshale ule ukiandika neno lile, angelitambua katikati ya maneno elfu. Ukalala. Akajiambia ni radi, ni umeme wa mawingu, redio hushika vitu. Mshale ukainuka tena. Ho. Di. Ukalala, ukangoja, kama alivyozoea kungoja.

Ukainuka mara ya tatu.

“Tatu,” Wasito alisema kwa sauti, na kiti kikaanguka nyuma yake.

Akafungua skrubu ya kilango mpaka ikatoka kabisa ikadondoka sakafuni. Akashika ile ya sauti akaizungusha hadi mwisho. Mvumo ulilipuka ndani ya nyumba, vikombe vikatetemeka mezani, Tumini akatoka jikoni mbio mikono ina unga.

Na hapa ndipo pa kuogopwa. Mtu yeyote anayejua redio atakwambia kwamba ukiongeza sauti, unaongeza vyote. Mvumo ukipanda, na mwenye kuongea anapanda. Mvumo ulikuwa ukiziba masikio. Sauti iliyokuja katikati yake ilikuwa ya chini vilevile, tulivu vilevile, haikupanda hata punje, kana kwamba bisibisi ya Wasito haikuwa na amri juu yake.

“Hodi.”

“Usiitikie!” Tumini alimrukia mkono. “Baba Pras, uliniapia! Mtoto yuko mtoni! Kitamchukua mtoto!”

“Mtoto yuko mtoni, ndiyo!” Wasito alimpigia kelele mkewe, yeye ambaye hajawahi kumpandishia sauti tangu wameoana. “Na huyu maisha yake yote alipiga hodi kwa ajili gani?”

Akabonyeza kitufe. “Karibu, Mbah,” alisema. “Karibu ndani. Tusamehe.”

Mvumo ukanyamaza wenyewe.

“Ahsante, mwanangu,” ilisema sauti, bila haraka. “Maji yamefunika jiwe la nyati. Watoto watoke mtoni.”

Kitufe kikaachiwa, tak, na mvumo ukarudi.

Jiwe la nyati liko chini kidogo ya nyumba ya Mbah Darmo, na kila mtu wa mto ule anajua kwamba tope likilifunika, hakuna tena muda wa kukunja nguo. Wasito alipiga kelele hewani mpaka koo likapasuka. “Tokeni mtoni! Acheni malori! Tope linakuja, tokeni!” Boksi jipya lilikuwa bado na makelele yake, na siku hiyo yalifaa. Mjini watu waliruka kwenye viti. Hartoyo alianza kuuliza chanzo cha taarifa, Bu Endang akamwambia hewani anyamaze, tena kwa neno ambalo chama kilikataza.

Kisha wakasikia. Kwanza vikombe, kisha sakafu, kisha ule mngurumo mrefu upande wa mto. Tumini alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Hakulia. Alishika ncha ya kikoi cha mumewe akaikunja mkononi, akaikunjua, akaikunja. Kila gari lililopita barabarani aliinua kichwa.

Pras aliingia kwa mlango wa jikoni, tope hadi magotini, kandambili moja mguuni. Mama yake alimpiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia.

“Wote tumetoka,” alisema. “Lori limekwenda, lakini watu wote tumetoka.” Akamtazama baba yake, na ule utani wake wa kila siku haukuwepo usoni. “Tulisikia unasema karibu, baba. Jamaa wakacheka, wakasema mzee amepata mgeni amesahau kuachia kitufe. Halafu tukamsikia mgeni mwenyewe.”

“Mlimsikia?”

“Hakuna aliyeuliza ni nani. Tulikimbia tu.”

Kesho yake, asubuhi, Wasito alivaa shati la Ijumaa, akachukua redio yake ya mkononi, akazunguka bonde kwenda kwa Lastri. Hakutumwa na mtu. Alikuwa na deni la shukrani, na aliona mjane ndiye wa kulipwa.

Mbah Sumirah alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa umbo, ameinama, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mumewe. Wasito alikaa kwenye mkeka, akanywa chai yake, akaulizwa hali ya mke na mtoto. Kisha akaeleza yote, tangu hodi ya kwanza. Alitazama miguu yake muda wote. Mikono ya bibi ilisimama katikati ya ungo.

“Alikuwa anapiga hodi tangu mvua zilipoanza?” aliuliza mwishoni.

“Ndiyo, Mbah.”

“Na ninyi mkamjibu nini?”

Wasito alikigeuza kikombe cha chai kiganjani.

“Hamkumjibu.”

“Tuliogopa, Mbah. Nilikaza kilango. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu.”

Alitegemea aambiwe maneno makali, na angeyapokea. Bibi alitazama upande wa mlima, ambako bado palikuwa na ukungu.

“Ulisema mvua ilikuwa inampiga mwilini,” alisema. “Nje.”

“Ndiyo.”

“Nilifunga nyumba kwa kufuli, mwanangu. Siku ile Lastri aliponichukua. Nilizunguka kaburi, nikamwaga maua, nikasoma dua, nikapanda gari. Sikumwambia kama nafunga. Nilisahau.” Akaweka ungo chini. “Mtu huyu hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, hata ya kwake. Akitoka shamba anasimama kwenye ngazi anapiga hodi, mpaka nitoke jikoni niseme karibu. Nilikuwa namsonya, nasema, we mwanamume, hii si nyumba yako? Na hataingia mpaka niseme. Miezi yote hii amesimama pale amelowa, ana kifua, anagonga kwenu kwa sababu kwake hakuna mtu. Na hata hivyo amewaokolea watoto.”

Hapo Wasito alilia, mtu mzima, mbele ya mama wa watu. Hakujificha.

“Nipeleke juu,” bibi alisema.

“Njia imekatika, Mbah. Daraja limekwenda na tope.”

Bibi alinyoosha kidole kwenye redio iliyokuwa kiunoni mwa Wasito. “Hicho kinafika?”

“Kinafika.”

Akamshikisha, akamwonyesha kitufe. Hakuwahi kushika redio maisha yake yote, hiyo ilikuwa michezo ya mzee. Lakini aliishika mbali na mdomo, hivyohivyo, kama aliyefundishwa. Alitengeneza kwanza mtandio kichwani. Kisha akabonyeza.

“Baba Lastri,” alisema. “Karibu. Ingia tu, mlango uko wazi. Mimi niko kwa mtoto, ni mzima. Ingia ujikaushe.”

Akaachia. Wakangoja wote wawili. Redio ya mkononi ilivuma kidogo, haikuwa na jingine. Bibi akamrudishia, akachukua ungo wake akaendelea kuchambua mchele, na Wasito akaaga.

Alipofika Kedungsari jua lilikuwa limepanda. Tumini alikuwa amekaa kwenye kiti chake yeye Wasito, mbele ya maboksi, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu aolewe. Fagio lilikuwa chini. Macho yalikuwa mekundu.

“Nimemsikia Mbah Sumirah,” alisema.

“Ulisikia vizuri? Sauti ilikuwa ndogo.”

“Vizuri. Kila neno.” Akafuta pua kwa ncha ya kanga ya batiki. “Na baada yake nikasikia kitu kingine, Baba Pras. Kutoka hili boksi la zamani. Usinicheke.”

“Sikucheki.”

“Mlango,” alisema Tumini. “Ulikwaruza sakafu, krrr. Halafu mtu akauinua kidogo, ukakaa. Tup. Halafu mvua nikaisikia iko kwenye bati.”

Wasito aliutazama mshale. Ulikuwa umelala. Skrubu ya kilango ilikuwa bado pale sakafuni, chini ya meza, ilipoanguka jana. Aliinama akaiokota, akaishika kiganjani muda kidogo, kisha akaitia mfukoni mwa shati lake la Ijumaa, akamwambia mkewe asogee wanywe chai.